Ilani ya Wachoraji wa Koni

Sisi wachoraji wa Koni, wa Likasi na wa vijiji vya kando ya Lufira tumeshikana mikono kwa kazi moja: kuchora miji iliyoangamizwa na vita. Tunaanza na mji ulioteketezwa kwa jiwe lililotoka kwetu.

Jiwe hilo, la urani, lilichimbwa Shinkolobwe, hapa jirani na Likasi. Wazee wetu waliofanya kazi katika kampuni ya madini ya Union Minière walilichambua kwa mikono mitupu, la manjano, la chungwa, la kijani, rangi ambazo mchoraji yeyote angezitamani. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua kwa bomu la atomiki. Mwaka haujaisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sengier alivishwa nishani na Marekani mwaka 1946.

Mwaka huohuo wa 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya uchoraji Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Humo walikuzwa Pili Pili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Tunawaheshimu, maana mkono wao ulikuwa wa ajabu. Lakini ndege, samaki na nyoka wao walijaa kwenye karatasi, na Shinkolobwe haikuonekana. Pengo hilo limerithiwa na sisi.

Huko Japani, mchoraji Maruki Iri, mzaliwa wa Hiroshima, alifika mjini siku chache baada ya bomu, na mkewe Toshi akamfuata. Mwaka 1950, mwaka ambao mitambo ya umeme ya Koni ilianza kuzunguka, walionyesha picha yao ya kwanza. Waliendelea hadi zikatimia 15, nyingi zikiwa na upana wa zaidi ya meta saba, kwa wino mweusi na wekundu wa moto. Watu wanatembea uchi, mikono mbele, ngozi inaning'inia. Lililotugusa kuliko yote ni kwamba hawakuishia kwa Wajapani wenzao. Walichora pia mateka wa Kimarekani waliofia Hiroshima, na Wakorea ambao maiti zao ziliachwa kwa kunguru. Kila walipogundua aliyesahauliwa, walitandaza karatasi nyingine. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakufikiwa. Picha ya 16 ni deni letu.

Kazi ya Picasso tunaijua. Guernica ilipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, na kabla Juni haijaisha picha ilikuwa tayari, nayo ndiyo iliyoufanya mji mdogo wa Wabaski ujulikane duniani kote. Hata hivyo ndani yake hakuna ndege ya vita wala rubani wala tarehe. Yeye alikuwa na haki ya kuacha hivyo. Sisi hatuna, kwa sababu miji yetu haijulikani, na picha isiyotaja mahali itasemwa ni ya popote.

Mwalimu wetu ni Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya 1973 na 1974, Lubumbashi, alichora historia nzima ya nchi hii ya Kongo katika picha zipatazo 100 na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian moja baada ya nyingine. Alitumia kitambaa cha gunia la unga. Kinafuliwa, kinavutwa kwenye fremu ya mbao, kinapakwa weupe, kisha penseli, kisha rangi. Maelezo aliyaandika ndani ya picha yenyewe, mwenye kupita asome. Wafanyakazi walinunua picha za namna hiyo na kuzitundika pale wageni wanapokaa, wakiziita ukumbusho. Tutachora kwa njia hiyohiyo, na bei itakuwa ya mtu wa Likasi.

Na kazi iko hapahapa. Septemba 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, mji wa Likasi, ulipoitwa Jadotville, ulikuwa uwanja wa vita, na daraja la Lufira likawa mahali pa kufia. Filamu ya 2016 inasimulia habari za askari wa Ireland waliozingirwa. Sisi tunamtaka mama aliyejificha na watoto wake chini ya kitanda. Desemba ya mwaka huohuo makombora yalianguka Élisabethville, na waliorusha ni pamoja na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa. Nao tutawachora na kofia zao za buluu. Tutachora Kolwezi ya Mei 1978, ilipovamiwa na waasi. Tutachora Kisangani ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya watu wasio wao.

Hatutachora magofu matupu. Nyumba iliyobomoka itakuwa na mwenyewe mlangoni. Kila picha itaandikwa mji, tarehe, na aliyerusha. Hatutachora lolote kabla ya kuketi na wazee walioliona, na kama mzee atasema mti ulikuwa upande wa kushoto, mti utahamishwa.

Tunawaita wenye mkono, hata wasiowahi kushika brashi, na tunawaita wazee waliofanya kazi Shinkolobwe, au watoto wao, waje watueleze mawe yalivyobebwa. Njooni na magunia. Picha ya 16 itatundikwa Likasi kwanza, kisha tutaomba nafasi ipelekwe Hiroshima.