Kahawa ikimwagika, futeni tu

Kila mmoja wetu ashawahi kuinua dele la kahawa akidhani limejaa, kumbe tupu, mkono ukaruka juu. Ubongo ulishaukadiria uzito kabla, ukatoa nguvu kwa hesabu yake.

Mwaka 1994 watafiti Shadmehr na Mussa-Ivaldi, huko Marekani, walitoa jaribio lao. Watu walishika mpini wa roboti wausogeze mpaka kwenye alama, na roboti ikawa inawasukuma. Mwanzo mikono ilienda kombo. Waliporudia mara nyingi ikanyooka. Nguvu ile ilipoondolewa ghafla, mikono ikaenda kombo upande wa pili. Ubongo ulikuwa umeshajifunza, na ulijifunza kwa kukosea.

Nayasema haya kwa ajili ya kaka yangu, yuko Muscat. Alipata kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia mzito, lakini unajongea. Wanawe wanampenda, basi wanamlisha, wanamvisha, hata kikombe wanamshikia. Mie nawaambia, wanangu, mapenzi hayo yanamdhulumu baba yenu. Nimesomesha hesabu sekondari ya misheni: mtoto niliyemfanyia hesabu hakuijua, aliyekosa akarudia ndiye aliyeijua. Mkono nao ni hivyo hivyo.

Muulizeni kwanza mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo. Akikubali, mpeni kikombe chepesi, kahawa nusu, iliyopoa, nanyi mkae karibu. Ikimwagika, futeni, mmtilie tena.