Lawama za Mtabiri wa Hali ya Hewa

Mchana wa tarehe 15 Oktoba, 1987, Bwana Michael Fish, mtabiri wa hali ya hewa katika televisheni ya BBC ya Uingereza, aliwaeleza watazamaji kuwa mwanamke mmoja amepiga simu kuulizia kimbunga alichosikia kinakuja. Akawatoa wasiwasi: hakuna kimbunga. Upepo utakuwa mkali, alisema, lakini sehemu kubwa yake itapita Hispania na Ufaransa. Usiku huo huo tufani ikaivamia Uingereza ya kusini. Watu 18 walikufa nchini humo, na miti ipatayo milioni 15 ikaanguka.

Tangu hapo jina la Bwana Fish likawa mzaha. Kazi aliyoianza katika televisheni mwaka 1974, akastaafu mwaka 2004, ikapimwa kwa sentensi moja tu.

Hapana budi ikumbukwe kwamba bwana huyo hakuwa mchekeshaji aliyeokotwa kupamba kioo. Alikuwa mtumishi wa serikali, aliyeingia Idara ya Hali ya Hewa mwaka 1962, wakati idara hiyo ikiwa chini ya Wizara ya Anga. Ramani aliyoionyesha ilikuwa kazi ya ofisi nzima. Vipimo kutoka baharini, upande wa kusini-magharibi ilikotokea tufani, vilikuwa haba. Isitoshe, utabiri wa jioni, uliokuwa karibu zaidi na maafa yenyewe, ulisomwa na mwenzake. Lakini umma haumjui mtu asiyeonekana. Humjua yule anayesimama mbele yao, kama vile wazazi wanavyomlaumu mwalimu kwa mtaala asioutunga.

Hata hivyo, wapo wanaomtetea kupita kiasi. Husema kwamba kitaalamu alisema kweli, kwani kimbunga huzaliwa katika bahari za joto, na tufani ile haikuwa ya namna hiyo. Mwenyewe baadaye alidai kuwa maneno yake yalihusu Florida, Marekani. Utetezi huo hauna uzito. Raia anayeuliza habari za kimbunga haulizi maana ya neno. Anauliza kama paa lake litakuwa salama usiku. Mtaalamu anayejibu neno na kuliacha swali hajamtumikia aliyeuliza, hata kama kamusi iko upande wake. Hapo Bwana Fish alikosea, na kosa hilo ni lake, si la mitambo.

Yaliyobaki yalikuwa ya idara, nayo idara ilijirekebisha. Uchunguzi ulifanywa, na mwaka 1988 ukaanzishwa utaratibu wa taifa wa kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa. Bwana Fish aliendelea kusimama mbele ya ramani miaka 17 zaidi. Mwaka 2012, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini London, maneno yake yale yakaonyeshwa tena mbele ya dunia nzima. Je, ni wangapi kati ya waliocheka waliowahi kusikia habari za upungufu wa vipimo vya baharini?