Biskuti ina orodha, chakula cha kiinitete kina siri

Jamani wasomaji, leo nina hasira. Nunua biskuti duka la mtaani, pakiti inakuambia kuna nini ndani. Lakini kiinitete cha mtoto anayetungwa maabara hukaa siku kadhaa kwenye maji ya virutubisho kabla ya kuwekwa tumboni kwa mama. Maji hayo yana nini, kwa kipimo gani? Kampuni nyingi zinajibu: siri ya biashara!

Siri gani? Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2016 uligawa jozi 836 za wazazi kwa kura, wengine maji ya G5, wengine HTF. G5 ilileta mimba nyingi zaidi, ila watoto wake walikuwa wepesi kwa wastani wa gramu 158. Tofauti ni maji tu!

Desemba 2023, kampuni ya CooperSurgical ya Marekani ikarudisha chupa zake zenye upungufu wa magnesiamu. Viinitete vya watu vilishapita humo.

Mtasema maabara zipime zenyewe. Zitapimaje bila kujua chupa inatakiwa iwe na nini? Andikeni vipimo vyote kwenye lebo. Au nakosea?