Dearborn: Tusifu Kikao, Tusisifu Ua

Mpwa wangu aliyehamia Marekani ameniletea ujumbe wa kutaka shauri. Anakaa Detroit, mji wa magari katika jimbo la Michigan, kwenye barabara ambayo ng'ambo yake si Detroit tena bali ni Dearborn. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Akivuka barabara hiyo na kupanga nyumba upande wa pili, mtoto wake ataingia shule za umma za Dearborn, ambako siku ya Idi shule hufungwa, ambako chakula cha halali hutolewa, na ambako mtoto anayeitwa Muhammad haulizwi jina lake huandikwaje. Lakini kodi ya nyumba huko ni kubwa kuliko ile anayolipa sasa. "Mjomba," akaniuliza, "nihame nisihame?"

Jawabu lake nalitoa hapa ukurasani kwa kuwa swali si lake peke yake. Huku kwetu, tukisha kuswali Isha na kukaa barazani, jina la Dearborn halikosi kutajwa. Mmoja husema, "Tazameni Waislamu wenzetu wa Marekani, wana shule za serikali na dini yao haikuguswa." Wengine hutikisa vichwa na kuugua, kama kwamba Dearborn ilishushwa kutoka mbinguni ikiwa tayari imekamilika.

Mimi nasema sifa hiyo ina nusu ya haki. Shule za Dearborn zimesimama juu ya vitu viwili, kikao na ua. Kikao ni cha kuigwa. Ama ua, huo ni wa kuogopwa, na asiyeutambua hataelewa kwa nini mpwa wangu analazimika kununua elimu ya bure kwa kodi ya nyumba.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kiitwacho wilaya ya shule. Kwetu Kenya mwalimu wa shule ya umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, na mtaala hutoka Nairobi. Marekani sivyo. Nchi hiyo ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja ni kama serikali ndogo. Ina mipaka yake, ina bodi yake inayochaguliwa kwa kura, huajiri walimu wake, na yaweza kuwaomba wakaaji wake wajitoze kodi kujenga madarasa. Mipaka hiyo wala si lazima ifuatane na ile ya mji. Jirani ya Dearborn uko mji uitwao Dearborn Heights, ambao watoto wake wamegawanywa baina ya wilaya kadhaa. Wengine ni wa wilaya ya Dearborn, wengine sio. Kinachoamua ni anwani ya nyumba.

Wilaya ya Dearborn ina wanafunzi takriban 20,000. Bodi yake ina watu saba. Hukutana hadharani, na mzazi yeyote aweza kusimama akasema lake. Hicho ndicho kikao ninachokisifu.

Sasa tutazame wenzetu walifikaje hapo. Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 mahali ambapo leo ni Dearborn, na kiwanda chake kikubwa cha Rouge kilichokamilika mwaka 1928 ndicho kilichowavuta Waarabu wa Lebanon, na baadaye wa Yemen, kuja kutafuta riziki. Mwaka huo huo wa 1928 ilifunguliwa shule ya sekondari ya Fordson. Jina hilo ni la trekta zilizotengenezwa na Ford, na hata leo timu za shule hiyo huitwa Matrekta. Vita vya Lebanon vya mwaka 1975 hadi 1990 vikaleta wengine, na baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991 wakaja Wairaki. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wakaaji 109,976 wa Dearborn wana asili ya Mashariki ya Kati au Afrika ya Kaskazini.

Lakini msidhani walipokewa kwa ubani na maji ya waridi. Mji huo ulitawaliwa tangu mwaka 1942 hadi 1978 na meya Orville Hubbard, mtu aliyejulikana Marekani nzima kwa kuwazuia watu weusi wasiingie mjini mwake. Katika enzi yake serikali ya mji ilitaka kuibomoa mitaa ya kusini walikokaa Waarabu ili ardhi iwe ya viwanda, na wakaaji wakaenda mahakamani kuitetea. Mwaka 1985 mgombea mmoja wa umeya alisambaza karatasi za kampeni zilizozungumza waziwazi juu ya "tatizo la Waarabu", na akashinda. Ilichukua miaka 36 baada ya karatasi ile ndipo mji ukamchagua Abdullah Hammoud, mwaka 2021, kuwa meya wake wa kwanza Mwarabu na Mwislamu.

Katika miaka hiyo wazazi walifanya nini? Walikwenda kwenye vikao. Walijiandikisha kupiga kura. Waligombea viti. Waliomba halali, wakaomba Idi, wakaomba taarifa za shule zije kwa Kiarabu ili bibi asiyejua Kiingereza naye afahamu mjukuu wake ana mtihani lini. Mwaka 2010, Ramadhani ilipoangukia mwezi wa Agosti wa jua kali, timu ya mpira wa Kimarekani ya Fordson ilihamisha mazoezi yake usiku wa manane ili vijana waliofunga wacheze wakiwa wamekula na kunywa. Timu haikuvunjwa, wala saumu haikuvunjwa.

Na hakuna aliyeigeuza shule kuwa msikiti. Sheria ya Marekani hairuhusu shule ya umma kuongoza wanafunzi katika sala. Mahakama ya Juu ilikwisha kusema hivyo mwaka 1962. Qurani mtoto huisoma msikitini au nyumbani, baada ya masomo au mwisho wa juma. Yaani ni mpango ule ule tuliokulia sisi, asubuhi skuli na alasiri chuoni.

Kikao nacho kina hatari zake. Mwezi wa Oktoba 2022 wazazi wengi wa Dearborn walifurika kwenye mkutano wa bodi kupinga vitabu fulani vya maktaba vilivyogusa mambo ya jinsia, na wengine wakaja kuvitetea. Kelele zilizidi hata mkutano ukavunjika, ikabidi kukutana tena siku chache baadaye. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasomeshwa nini. Lakini shura bila adabu ni ghasia, na mwenye hoja njema akipiga kelele huwa ameitupa hoja yake mwenyewe.

Hayo ni ya kikao. Sasa nakuja kwenye ua.

Mwaka 1970 wazazi weusi wa Detroit, wakisaidiwa na chama cha kutetea haki zao, walishitaki kwamba watoto wao wametengwa katika shule zao. Jaji aliyesikiliza kesi akaona ni kweli. Akaona pia kuwa wazungu wanahama mjini kwenda vitongojini, basi kuchanganya watoto ndani ya Detroit peke yake ni kuteka maji kwa pakacha. Mwaka 1972 akaamuru mpango wa kuiunganisha Detroit na wilaya 53 za vitongoji vinavyoizunguka. Rufani ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 25 Julai 1974, kwa kura tano dhidi ya nne, amri ile ikatenguliwa. Majaji wale watano walisema wilaya za vitongoji hazikuthibitishiwa kosa, kwa hiyo haziwezi kulazimishwa kuingia katika dawa ya kosa la Detroit. Mpaka wa wilaya ukabaki kama ulivyokuwa.

Miongoni mwa majaji wanne waliokataa hukumu hiyo alikuwamo Thurgood Marshall, mtu mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama ile. Jina lake sisi Wakenya tungepaswa kulijua. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House huko London, yeye ndiye aliyekuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, akasaidia kuandika rasimu ya haki za raia. Miaka 14 baadaye aliwaonya wenzake kwamba wanaiacha miji mikubwa ya Marekani igawanyike mara mbili, sehemu ya weupe na sehemu ya weusi, na kwamba nchi itakuja kujuta.

Sasa nendeni mkatazame. Detroit iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 ilibaki na 639,111 mwaka 2020. Mwaka 2016 wanafunzi wa Detroit walikwenda mahakamani kulalamika kwamba shule zao ni mbovu na vitabu ni haba kiasi kwamba hawapati hata kujua kusoma. Kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2020. Ni kweli Michigan ilijaribu kupunguza tofauti. Kwa kura ya mwezi wa Machi 1994 ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 4 hadi 6, na fedha nyingi za masomo sasa hutoka jimboni badala ya kutegemea kodi ya majumba. Lakini majengo bado hutegemea mali ya wilaya. Na tangu mwaka 1996 wilaya imeruhusiwa kupokea watoto wa kutoka nje, ila ufunguo wa mlango umo mikononi mwa aliye ndani.

Ndiyo maana nasema ua ni wa kuogopwa. Ulijengwa na watu ambao, wangaliweza, wasingalimkubali hata huyo Mwarabu. Leo Mwarabu yumo ndani na ana kiti. Je, atakumbuka baridi ya nje? Dini yetu haikumpa jirani haki kwa kutazama anwani yake. Aliyetengwa jana akipewa ufunguo leo, mtihani wake ndio kwanza umeanza.

Na sisi tusijione bora. Watoto wetu hatuwagawi kwa anwani, twawagawa kwa karo. Mwenye nacho hupeleka mwanawe akademia ya kulipia, na shule ya umma ya mtaani humwachia asiye nacho, kisha sote hushangaa kuiona imechakaa. Huo nao ni ua, tena hauna hata barabara ya kuvuka.

Ama kikao, tunacho na hatukitumii. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, halmashauri ya shule ya umma ina wajumbe sita wa kuwakilisha wazazi, na mdhamini wa shule ana watatu. Mara ngapi nimesikia barazani malalamiko kwamba mdhamini ni kanisa, na kwamba mabinti zetu wanasumbuliwa kwa sababu ya hijabu! Malalamiko mengine yana haki. Lakini muulize mlalamikaji mkutano wa wazazi ulikuwa lini, atakwambia hakuwa na nafasi. Sita hawazidiwi na watatu isipokuwa sita wamelala.

Namjua mzazi wa namna hiyo kwa kuwa nimezaliwa naye. Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinipeleka chuoni kwanza, nikahitimu mbele ya mwalimu mwenye kikoto, na siku ya hitima yangu alichinja mbuzi. Kisha akanitia skuli ya serikali, lakini miaka yote niliyosoma hakuwahi kukanyaga kikao cha wazazi. Akisema, "Ile ni yao. Chuo ndicho chetu." Simlaumu, kwani alikuta watu wa rika lake wakiamini kuwa skuli ni mlango wa kumtoa mtoto katika dini. Hali ya kuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikwisha kutuhimiza katika magazeti yake ya miaka ya 1930 tushike dini yetu na tusome elimu ya zama zetu. Tulimsifu, tukamzika, tukarudi barazani.

Basi mpwa wangu, jawabu langu ni hili. Ukiweza kodi, hama. Mtoto hawezi kungoja mpaka dunia itengenezwe, na baba hana dhambi kwa kumtafutia mwanawe penye kheri. Lakini ukisha kuvuka barabara usikae kama mgeni aliyekaribishwa chai. Jua siku ya mkutano wa bodi, uende, ujifunze kusema kwa heshima, na siku utakapokuwa raia upige kura. Tena siku kikao kitakapojadili kuwafungulia mlango watoto wa upande ule uliotoka, usimame uwasemee, kwa maana utakuwa unawajua kwa majina.

Nasi tuliobaki huku, muhula ukifunguliwa utaitwa mkutano wa wazazi. Mimi nitakuwako, insha'Allah, ingawa wanangu wameshakua, kwani shule ya mtaa ni ya mtaa. Nitaketi safu ya mbele niwahesabu watakaokuja.