Mti Gani, Wapi, na kwa Ajili ya Nani

Kila masika yakikaribia, hotuba za kupanda miti huanza kumiminika majukwaani, na ndani yake yamo madai yale yale. Yamerudiwa mno hadi yakapewa heshima ya elimu. Mengine yana nusu ya ukweli, mengine hayana hata robo, na gharama yake tunailipa sote: chemchemi iliyokauka, malisho yaliyopotea, fedha za halmashauri zilizoishia kwenye miche iliyokufa kiangazi cha kwanza. Naunga mkono upandaji miti kwa moyo wote, na ndiyo maana naona madai haya hayafai kuachwa yapite bila kujibiwa.

"Mti ni mti. Panda wowote, mradi pawe kijani."

Anayesema hivi afike Baringo, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti uliotoka Amerika, ambao wataalamu huuita Prosopis juliflora na Wakenya wengi wanaujua kwa jina la mathenge. Nia ilikuwa njema. Eneo ni kame, kuni zilikuwa haba, na mti huu unastahimili ukame, chumvi na kuliwa na mifugo. Sifa hizo hizo ndizo zilizoufanya kuwa balaa. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyala kwa pupa, kisha mbegu hutoka nzima kwenye kinyesi, tayari zimewekewa mbolea, kila mahali mbuzi anapopita. Haukupita muda mrefu vichaka vya miiba vikafunga njia, vikameza malisho na kusogea hadi ukingoni mwa ziwa. Miiba ikatoboa kwato na matairi. Sukari ya maganda ikaozesha meno ya mbuzi hadi yakang'oka, na mbuzi asiye na meno hufa njaa hata akiwa katikati ya majani.

Mwaka 2006 wafugaji wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali, na katika ushahidi wao wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyekuwa amepoteza meno. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Leo watu wa Baringo wanachoma mkaa wa mathenge na kusaga maganda yake yawe chakula cha mifugo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hauna faida yoyote. Ila faida hiyo wanaitafuta kwa sababu kuung'oa wameshindwa.

Tena mgeni si lazima avuke bahari. Mhesi ni mti wa nyumbani kabisa kandokando ya Ziwa Victoria, Uganda na Kongo. Ulipopelekwa Amani, kwenye Usambara Mashariki, ulijipenyeza katika msitu wa asili uliokuwa umekatwa magogo, na hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu mbali na pale ulipopandwa. Msitu wa Usambara una mimea isiyopatikana kwingine duniani, na sasa mimea hiyo inagombea mwanga na mti uliotoka upande wa pili wa nchi.

"Kama ni hivyo, miti yote ya kigeni ni mibaya."

Hapa watu wanaruka kutoka kosa moja hadi jingine. Mwaka 1971, Bamburi karibu na Mombasa, René Haller alipewa kazi ya kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Palikuwa na mwamba mtupu wa matumbawe, maji ya chumvi chini yake, na udongo hakuna. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizomudu ni tatu tu: mvinje, mnazi na mti mmoja wa nchi kavu za pembe ya Afrika uitwao damasi. Mvinje ulishinda kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo unajilisha pale ambapo ardhi haina cha kuulisha. Majani yake membamba hayakuwa yakioza, basi wakaletwa majongoo wakubwa, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Udongo ulipopatikana, miti ya asili ikaweza kupandwa. Mvinje wenyewe hauhesabiwi kuwa mti wa asili yetu, lakini pale ulifanya kazi ambayo ingeushinda mti wetu wowote.

Swali la kuuliza basi ni mti huu utafanya nini hapa, na utaenda wapi ukishaachwa peke yake.

"Mkaratusi unakausha maji, ung'olewe nchi nzima."

Dai hili lina mwenzake linalosema kinyume, kwamba habari za mkaratusi kukausha maji ni uzushi. Nayajibu yote mawili. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili zipatikane kuni za kulisha injini za reli ya Uganda, na tangu hapo umeenea Afrika Mashariki yote. Hunywa maji mengi kwa sababu hukua haraka, hubaki na majani mwaka mzima, na mizizi yake hufuata unyevu mbali chini. Ukilinganisha maji na kuni unazovuna, si mfujaji kuliko miti mingi. Ila chemchemi hailinganishi hivyo. Chemchemi inajua tu kiasi kilichochotwa kwa jumla. Afrika Kusini waliliona hilo mapema, na tangu mwaka 1995 wamekuwa wakiwalipa watu kukata miti ya kigeni kwenye vyanzo vya maji. Kenya nayo, mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na kwenye ardhi oevu.

Hata hivyo, nguzo za umeme zitatoka wapi? Na mirunda ya kujengea, na kuni za kukaushia chai kule Mufindi? Mkaratusi ukipandwa kwenye kilima, mbali na maji na mbali na shamba la mahindi, unampa mkulima fedha na unaupunguzia msitu wa asili shoka. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katika mita hizo mkaratusi hauna nafasi hata kidogo. Penye chemchemi weka mkuyu, weka msesewe, au acha kilichoota chenyewe.

"Miti ya asili inakua polepole mno, haina tija."

Mninga na mpingo, kweli, itavunwa na wajukuu. Anayehitaji mbao za kulipia ada ya shule asidanganywe. Lakini kuifunga miti yote ya asili kwenye fungu hilo ni uvivu wa kuitafuta. Ukambani, penye mvua chache, wakulima wanapanda mukau na kupasua mbao zake ndani ya miaka 10 hadi 15, mbao nzuri zisizoliwa ovyo na mchwa. Vihamba vya Kilimanjaro vimesimama vizazi kwa vizazi chini ya mringaringa na mfuruanje, huku kahawa na migomba ikistawi chini yake na mbuzi wakikatiwa majani.

Kinachokwamisha zaidi ni mbegu. Mukau hauoti kwa kutupwa tu ardhini. Kokwa lake ni gumu kama jiwe, na lazima livunjwe bila kuumiza mbegu iliyo ndani. Mbegu yenyewe ikatwe kidogo ncha yake, ilowekwe, ichanwe ganda kwa wembe, ndipo ifukiwe kwenye mchanga. Kazi hiyo inataka mkono uliozoea. Mwenye kitalu akilinganisha na mbegu za mkaratusi, ambazo kiganja kimoja kinatoa maelfu ya miche, ni rahisi kuona kwa nini kila kitalu barabarani kinauza mikaratusi na misonobari. Tukitaka miti ya asili, tuwalipe wanaoijua mbegu yake, na bei ya mche iakisi kazi hiyo.

"Ardhi ikiwa tupu, dawa ni kupanda."

Shinyanga ilisafishwa vichaka kwa miaka mingi ili kufukuza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia kilichobaki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, vitalu navyo vilikuwepo. Lakini jambo lililobadilisha mkoa lilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yasimame, lifunguliwe kiangazi kikali. Ndani ya ngitili visiki vilivyokuwa vimekaa miaka vikachipua. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa takriban hekta 600. Miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000.

Dodoma nako kuna Kisiki Hai. Mkulima anatafuta kisiki kilichochipua shambani kwake, anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine anayakata, anapogoa matawi ya chini, kisha anafunga kitambaa cha rangi kwenye shina ili mchungaji na mpita njia wajue mti huo una mwenyewe. Hakuna kiriba, hakuna kumwagilia. Mizizi ilishashuka chini zamani na inajua maji yalipo. Mche wa kitalu hauna urithi huo, na kwenye ardhi ya mvua za msimu mmoja tofauti hiyo ndiyo uhai wenyewe. Kabla ya kuagiza lori la miche, tembea shambani uangalie visiki.

Wala si kila uwanda wa nyasi ni ardhi iliyoharibika. Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 40 za okidi, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukiipanda misonobari, utakuwa umeua maua hayo kwa jina la mazingira.

"Mikoko ni mikoko, tope ni tope."

Kwa ufupi: mlilana hukaa mbele, ukipigwa na bahari. Mkoko wenyewe hupenda katikati na kandokando ya mikono ya maji, na mkandaa hukaa nyuma zaidi. Watu huchomeka mkoko kila mahali kwa sababu tunda lake refu ni rahisi kuokota na kusimika, kisha wimbi linaubeba.

"Mche mrefu ndio mche bora."

Mche mrefu uliokaa mno kwenye kiriba kidogo una mizizi iliyojizungushia humo. Ukiupanda hivyo, mizizi itaendelea kuzunguka, na baada ya miaka kadhaa upepo utauangusha mti ambao kwa juu ulionekana mzima. Chagua mche wa sentimita 30 hivi, shina gumu, uliopunguziwa maji na kivuli wiki chache kabla ya kutoka kitaluni. Chana kiriba chote ukitupe mbali na shamba. Mizizi iliyojizungusha ikate. Shingo ya mche iwe usawa wa ardhi, isizikwe. Tandaza majani makavu kuuzunguka, lakini yasiguse shina.

Nyumbani, kumbuka kwamba mizizi mingi ya mti haishuki sana. Hukaa kwenye sentimita 60 za juu na huenea kupita kivuli cha matawi. Mkrismasi una maua ya kupendeza, lakini mita mbili kutoka ukutani utapasua ukuta, na mkuyu utafuata bomba la maji taka hadi ndani. Ua dogo linatosha mstafeli, mkomamanga au mlimau.

"Tumepanda milioni kadhaa."

Tarehe 13 Novemba 2023 Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili watu wapande miti, kwa lengo la miche milioni 100. Tanzania kila halmashauri imepangiwa miche milioni 1.5 kwa mwaka. Nayaheshimu malengo hayo, na wananchi wanaojitokeza kwenye mvua na jembe wanastahili sifa. Lakini mche uliohesabiwa siku ya kupandwa bado si mti. Ofisa akipimwa kwa miche iliyotoka kitaluni, atachagua inayootesheka haraka na kwa bei ndogo, na hatarudi Agosti kutazama mbuzi wameifanya nini.

Naziomba halmashauri zitoe taarifa ya miti miaka mitatu baada ya kupanda, ikitaja aina, mahali na idadi iliyo hai. Na wewe msomaji, kabla hujanunua mche masika haya, muulize mwenye kitalu mti huo unafika urefu gani, unataka maji kiasi gani, na mbegu yake imetoka wapi. Asipojua, nenda kitalu kingine.