Nguo Tunazotoa Ziandikwe

Siku ya 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, na kule Buhene moto ulikula nyumba na nguo. Siku ya 27 Mei sisi wa Mabanga nasi tuliambiwa kuhama. Ndiyo maana hatupendi kuona mutu anakosa nguo. Tukipanga kabati, mama anasema: “Ile imekuwa kidogo kwako, peleka.”

Mimi nilipeleka mashimizi tatu na triko moja. Nyuma ya wiki mbili rafiki akauliza: “Ziliendaka wapi?” Nikakosa jibu. Tukaanza kumushuku mwenzetu aliyezikusanya. Pengine hakuiba kitu, lakini atajitetea na nini? Hakuna mutu aliyeandika.

Wengine watasema kuhesabu sadaka ni kujivuna. Hapana! Jina la mwenye kutoa liachwe. Tuandike katika kaye: nguo ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, siku gani, na wawili watie mukono. Majina ya waliopokea yasisomwe mbele ya watu, wasipate haya.

Kaye moja inatosha mwaka muzima. Lakini jina la mwenzetu likichafuka, tutalifua na sabuni gani?