Makaburi ya Makaburu si Hati ya Ardhi

Baada ya vita vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 hadi 1902, utawala wa Kijerumani ulizigawia familia za Makaburu, wazao wa Waholanzi, mashamba kandokando ya Mlima Meru. Kwa desturi yao, Makaburu walizika wafu wao shambani, katika ua mdogo wa familia.

Dhuluma hatuisahau. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafikisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Leo ardhi ni mali ya umma, na kaburi halimpi mtu yeyote haki ya kuidai.

Lakini maiti hana shamba wala ubwana. Sisi wa Visiwani tunayo makaburi ya mabaharia Waingereza wa manowari Pegasus, iliyozamishwa mwaka 1914, katika kisiwa cha Chapwani. Nayo hayajatupunguzia uhuru wetu. Huko Bara, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inataka taarifa itolewe kwanza na mabaki yazikwe kwa heshima. Basi, viongozi wa vijiji na wayaorodheshe makaburi hayo, wala trekta lisiyapitie kabla sheria haijafuatwa.